Mkaa: biashara kubwa isiyo na mdhibiti

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Tanzania hutangaziwa bei kikomo za petroli na dizeli. Mkaa, tegemeo la majiko mengi mijini, hauna bei kikomo, na mdhibiti wa nishati haugusi. Unasimamiwa kwa Sheria ya Misitu ya 2002, kama mbao na nguzo. Matokeo yake, sheria inamwona mkata miti na mwenye lori, lakini haimwoni mama anayenunua kopo moja la jioni. Msikilize msafirishaji: amelipia kibali cha kuvuna, ushuru wa halmashauri na hati ya kusafirishia, lakini kila geti la ukaguzi linamzulia swali jipya, huku mwenzake asiye na karatasi, aliyepita usiku wa manane, akimshinda kwa bei sokoni. Kulipa kodi kunamtia hasara. Lalamiko hilo si la kubeza. Tathmini ya kimataifa ya 2009 ilikadiria kuwa biashara hii ilikuwa na thamani ya dola milioni 650 kwa mwaka, na kwamba Serikali ilikosa mapato ya takriban dola milioni 100.

Maofisa hujibu kwa tarakimu moja: asilimia 80 ya Watanzania watatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, kwa mujibu wa mkakati uliozinduliwa 2024. Lengo ni zuri, ila mwenye mtungi wa kilo sita ulioisha gesi, aliyerudi kwenye mkaa hadi mwisho wa mwezi, atahesabiwa upande gani? Mkaa hununuliwa kwa pesa ya siku. Gesi hudai pesa ya mtungi mzima kwa mkupuo. Watetezi wa marufuku ya mkaa husema misitu inateketea na moshi unaua, nao wana haki. Hata hivyo, marufuku ya 2006 ilidumu takriban wiki mbili tu. Agizo la kuacha kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 lina mashiko zaidi, kwa kuwa shule ina bajeti. Mpangaji wa chumba kimoja hana.

Huenda gesi ikasonga mbele mijini, bei ikiruhusu. Hadi hapo, mkaa upewe leseni, vipimo na bei za wazi kama nishati nyingine, na anayelipa kihalali alindwe. Bila hayo, asilimia 80 itabaki kuwa ahadi. Mfanyabiashara asiipigie hesabu.