Kifuniko Kimebaki, Lenzi Iko Wapi?

Zamani kifuniko cha lenzi kilikuwa na kazi kubwa kuliko kuzuia vumbi. Kwenye kamera za karne ya 19, mpiga picha alikivua kwa mkono, akahesabu sekunde, kisha akakirudisha. Picha ilikuwa imekwisha. Ndiyo maana vifuniko vingi vya enzi hizo, vya ngozi au shaba njano, vilibandikwa mahameli kwa ndani: vilipaswa kutoka bila kuitikisa kamera. Mpelelezi James Grant alizijua taabu hizo. Alipiga picha Unguja mwaka 1860, lakini alipopita na mpelelezi mwenzake Speke katika nchi ya Usui, pande za Biharamulo ya leo kaskazini-magharibi mwa Tanzania, mwaka 1861, alikuwa amegeukia penseli.

Vifuniko hudondoka, na vifaa huendelea na safari. Biharamulo na Ngara vilipita vingi: vya Wajerumani wa boma la Biharamulo, vya Wabelgiji walioliteka Juni 1916, vya wapima mipaka, vya waandishi wa habari. Kinachookotwa leo ni cha nani?

Kwanza pima kipenyo cha ndani. Milimita 36 kamili, kifuniko cha kusukumiza kisicho na hesi, ni dalili ya lenzi ndogo za Leica za zamani. Ukipata 38.1 usidhani umekosea: hiyo ni inchi moja na nusu, na huenda fundi wake alikuwa Mwingereza. Alama ya mshale mpana huthibitisha kuwa kifaa kilikuwa mali ya serikali ya Uingereza.

Jina lililochongwa husaidia, ila lina mitego. Watengenezaji wa kamera Goerz wa Berlin waliungana na wenzao kuunda Zeiss Ikon mwaka 1926, kwa hiyo Goerz peke yake kwa kawaida ni ya kabla ya hapo. “Carl Zeiss Jena” haitoshi, maana ilitumika vizazi na vizazi. Tafuta herufi DDR (Ujerumani Mashariki), zinazokuleta baada ya 1949. Kampuni ya Wild Heerbrugg ilianza 1921. Kifuniko cha theodolaiti, chombo cha kupimia ardhi, chenye jina hilo hakiwezi kuwa cha askari wa Kijerumani wa Biharamulo, hata muuzaji akiapa. Kinaendana zaidi na wapima ardhi wa miaka ya mkataba wa 1934 kati ya Uingereza na Ubelgiji kuhusu mpaka wa Tanganyika na Ruanda-Urundi, au wa baadaye.

Plastiki nyeusi, nzito na inayovunjika kama kigae yaweza kuwa bakelaiti, iliyobuniwa na Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji, mwaka 1907. Isugue kwa kidole hadi ipate joto, kisha inuse: hutoa harufu kali ya dawa ya kuulia vijidudu. Shaba usiing'arishe kabisa. Maandishi hafifu hufutika kwa kusuguliwa.

Vigumu zaidi ni vya juzi. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, na wapiga picha wa dunia, Sebastião Salgado miongoni mwao, wakafika kambi ya Benaco. Vifuniko vya plastiki vya kubana kwa springi vilikuwa vimeenea. Milimita 52, kipimo kilichozoeleka kwa lenzi za Nikon tangu 1959, kilitumiwa pia na watengenezaji wengine, hivyo kifuniko kisicho na jina kitakupa kipenyo, na pengine miongo miwili mitatu ya kukisia.