Mashina Mangapi Yanatosha?

Muhogo wa njano una karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Nigeria ilianza kuidhinisha mbegu zake mwaka 2011. Tatizo ni kwamba muhogo wa aina hii mara nyingi huwa na maji mengi, na mlaji wa ugali anautaka mkavu, wenye unga. Je, njano na maji huandamana, au ni bahati mbaya ya mbegu chache?

Swali hilo hujibiwa kwa namba moja, kipimo cha uhusiano, inayoanzia -1 hadi 1. Ikikaribia 1, sifa mbili hupanda pamoja. Ikikaribia -1, sifa moja ikipanda nyingine hushuka. Ikiwa karibu na sifuri, hazifuatani. Kuipata si kazi nyepesi. Ili kujua ukavu, mizizi huoshwa, hupimwa uzito hewani, kisha hupimwa tena ikiwa imezama majini. Mzizi wenye wanga mwingi ni mzito kuliko maji kwa tofauti kubwa zaidi. Na shina likishang'olewa halirudi ardhini, baada ya kulisubiri karibu mwaka mzima. Hapo ndipo kishawishi cha kupima machache kinapoingia.

Machache hudanganya, na udanganyifu wenyewe unahesabika. Ronald Fisher wa Uingereza alionyesha namna ya kuukadiria katika makala zake za 1915 na 1921. Tuseme umepima mbegu 10, yaani aina 10 za muhogo, ukapata uhusiano wa 0.6. Kwa uhakika wa asilimia 95, ukweli unaweza kuwa popote kati ya -0.05 na 0.89: yaani huenda hakuna uhusiano wowote, huenda upo mkubwa mno. Kwa mbegu 30, mipaka ni 0.31 na 0.79. Kwa 100, ni 0.46 na 0.71. Kila unapotaka kulipunguza pengo hilo kwa nusu, jiandae kuongeza sampuli karibu mara nne.

Mtego mwingine ni mbaya zaidi, kwa sababu huvaa joho la kitaalamu. Kwa sampuli ya 20, uhusiano hauhesabiwi kuwa wa maana kitakwimu mpaka uvuke 0.44. Sasa kama ukweli ni 0.3, kila atakayefanikiwa kutangaza matokeo atakuwa ametangaza namba iliyotiwa chumvi. Ongeza hapo tabia ya kupima sifa 10 kwa mkupuo: unapata jozi 45, na hata kama hakuna sifa inayohusiana na nyingine, jozi mbili hivi zitaonekana za maana kwa bahati tu. Binafsi, jedwali la namna hiyo lenye nyota mbili tatu za kuashiria umaana halinishtui.

Halafu kuna suala la nini kihesabiwe kuwa kimoja. Muhogo hupandwa kwa pingili, hivyo mashina 10 ya mbegu moja katika ploti moja ni ndugu wa damu ile ile wanaokula udongo ule ule. Kuyahesabu kuwa sampuli 10 ni kuonja chungu kimoja mara kumi ukidai umeonja vyungu kumi. Kama swali ni la urithi, kinachohesabiwa ni mbegu. Mashina husaidia tu wastani wa kila mbegu utulie.

Hata sampuli kubwa huzungumzia ukoo ilikotoka tu. Katika mihogo ya Afrika, njano na ukavu vimeonekana kupingana, na chanzo kimefuatiliwa hadi kwenye kromosomu ya 1, jirani na jeni inayoshiriki kutengeneza karotini. Katika mihogo ya Amerika ya Kusini iliyoendelezwa na kituo cha CIAT, Kolombia, upinzani huo haukujitokeza hivyo. Kumbe sifa hizo mbili zinaweza kukaa katika mzizi mmoja, na mzalishaji mbegu ana pa kuanzia.

Kwa hiyo mwenye nafasi ya ploti 120 afanyeje? Mazoea ni kupanda mbegu 20, kila moja mara sita. Uhusiano ukitoka -0.5, mipaka yake ni -0.77 na -0.07. Ningepanda mbegu 60 mara mbili mbili: namba ile ile ingebanwa kati ya -0.67 na -0.28. Mbegu 120 mara moja moja nisingethubutu, kwa kuwa kipimo kinachoyumba huuvuta uhusiano kuelekea sifuri, na bila marudio huna hata njia ya kujua kimeyumba kiasi gani.