Uzuri wa Jikoni, Ubaya wa Mkorogo

Mwisho wa mwezi ukifika, pita Ngamiani mjini Tanga, au Darajani mjini Unguja, au Marikiti mjini Mombasa. Utaona meza zilizopangwa vikopo na vichupa vya kila rangi, na akina mama na mabinti wamezizunguka, wakivigeuza mikononi na kupatana bei. Hakuna sababu ya kuwalaumu. Kujipamba si dhambi wala si upuuzi. Ni ada ya binadamu tangu zama za kale, na mwanamke wa pwani hii alijua mafuta na manukato zamani sana, kabla vikopo hivyo havijafika katika maduka yetu. Lakini yafaa tujiulize: ni nini kilichomo ndani ya vikopo hivyo? Na je, hakuna njia nyingine, iliyo salama na yenye gharama ndogo?

Swali hili si la urembo peke yake. Ni swali la fedha, kwani katika nyumba yenye kipato haba shilingi iliyonunua kikopo ni shilingi iliyotoka katika kitoweo au katika daftari la mtoto. Tena ni swali la afya, kwani kinachopakwa juu ya ngozi hakibaki juu ya ngozi siku zote. Kwa hiyo leo tunamwalika msomaji aingie nasi jikoni.

Tuanze na nazi. Chukua nazi nne zilizokomaa, zile ambazo ukizitikisa husikia maji yakicheza ndani. Zivunje, uzikune kwa mbuzi, utie maji ya vuguvugu kidogo, kisha ukamue na kuchuja kwa kifumbu au kitambaa safi. Liache tui katika bakuli lililofunikwa usiku kucha. Asubuhi utakuta sehemu nzito imepanda juu na maji yamebaki chini. Iengue sehemu hiyo nzito, uitie katika sufuria, uipike kwa moto mdogo huku ukikoroga. Maji yatakauka polepole, chenga zitageuka rangi ya kahawia, na mafuta yatajitenga yakiwa maangavu. Epua kabla chenga hazijaungua, acha yapoe, chuja tena, kisha yatie katika chupa iliyo kavu kabisa. Kwa kadiri, nazi 12 hadi 15 hutoa lita moja. Basi nazi zako nne zitakupa kiasi cha robo lita, nayo yatatosha kichwa kimoja kwa majuma mengi. Machicha nayo hayatupwi, kuku watayafurahia.

Msomaji aliye Lushoto au Arusha asishtuke akiyakuta mafuta yake yameganda asubuhi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kuganda huko si kuharibika. Yaweke chupa mikononi au juani kidogo, yatayeyuka.

Sifa ya mafuta haya si hadithi ya bibi tu. Wataalamu waliochunguza nywele wamethibitisha kwamba mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele, hali mafuta yatokanayo na petroli hukaa juu yake. Unywele uliopakwa mafuta ya nazi kabla ya kuoshwa hupoteza protini kidogo kuliko usiopakwa, na hivyo haukatiki upesi. Jambo hili ni muhimu hasa kwa nywele zetu za kipilipili. Mafuta ya asili yatokayo katika ngozi ya kichwa hushindwa kuteremka hadi nchani kwa sababu ya mizunguko ya unywele, na ndiyo maana nywele zetu hukauka. Dawa yake ni nyepesi: zipake mafuta saa moja au mbili kabla ya kuosha, zioshe, kisha, zikiwa bado na unyevu, zipake tena kidogo na kuzichana kwa kitana cha meno mapana, ukianzia nchani na kupanda juu. Asiye na nazi atumie mafuta ya ufuta au ya mbarika. Haya ya mbarika ni mazito, hivyo yachanganywe na mengine mepesi.

Kwa ngozi, wazee wetu walituachia liwa, ule mti wa manukato unaosagwa juu ya jiwe kwa maji au marashi ya mawaridi hadi uwe uji laini wa kupaka. Walituachia pia singo, mchanganyiko wa maua na viungo ambao makungwi wa Unguja humsugulia bibi harusi. Kwa siku za kawaida, unga wa dengu vijiko viwili ukivurugwa kwa mtindi husafisha uso bila ya kuukausha. Asali kijiko kimoja, ikipakwa kwa muda wa robo saa na kuoshwa kwa maji ya vuguvugu, huilainisha ngozi iliyopauka. Hayo yote hayafiki bei ya kikopo kimoja cha dukani.

Hata hivyo, gazeti halitakuwa limetenda haki likisema kwamba kila kitokacho jikoni ni salama, na kila kitokacho kiwandani ni sumu. Sivyo. Mafuta mepesi ya mgando yanayouzwa madukani huilinda ngozi kavu vizuri kabisa. Na kwa upande wa pili, yapo ya nyumbani yanayodhuru. Ndimu ikipakwa usoni, kisha mtu akatoka juani, yaweza kuunguza ngozi na kuacha madoa meusi yanayodumu kwa majuma au miezi. Magadi huondoa mafuta ya nywele na kuzifanya ziwe kama majani makavu. Jani la mshubiri lina utomvu wa manjano unaowasha. Ni lazima jani lisimamishwe utomvu huo udondoke, ndipo ute wake mweupe utumiwe.

Mfano ulio wazi zaidi ni hina. Majani ya mhina yakikaushwa kivulini, yakasagwa, na unga wake ukakandwa kwa maji ya vuguvugu na ndimu kidogo na kuachwa saa kadhaa, hutoa rangi ya machungwa inayokolea na kuwa hudhurungi yenye wekundu. Hina ya kweli haiwi nyeusi. Ule weusi unaopendwa sana harusini, uitwao piko, aghalabu hutokana na rangi ya nywele yenye kemikali inayoitwa parafenilinidayamini. Ikipakwa juu ya ngozi yaweza kuleta malengelenge na makovu. Tena mtu ambaye mwili wake umekwisha kuikataa mara moja, huenda akaikataa maisha yake yote, hata atakapoitumia kwa kutia nywele rangi.

Hapa ndipo tunapofika penye kiini cha maneno yetu. Kitu kinachoharibu nyuso nyingi zaidi katika miji yetu nacho hutengenezwa kwa mikono, nyumbani au katika vyumba vya ususi. Ni mkorogo. Mtu huchukua krimu hii, akaongeza na ile, akatia dawa ya tatu ambayo hata jina lake halijui, akakoroga na kujipaka ili ngozi yake iwe nyeupe. Ndani ya krimu hizo mna mambo matatu yanayopatikana mara kwa mara. La kwanza ni zebaki, ambayo huizuia ngozi kutengeneza rangi yake inayoikinga na jua, kisha ikapenya mwilini na kudhuru figo. Mama mjamzito humfikishia hata mtoto aliye tumboni. La pili ni dawa za jamii ya steroidi, ambazo zikitumiwa bila ya daktari huifanya ngozi iwe nyembamba, ichanike, na kutokwa na chunusi. La tatu ni haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu yaweza kuleta mabaka meusi yasiyotoka kwa urahisi. Mtu alikuwa akiukimbia weusi wa asili, akaishia kununua weusi wa ugonjwa.

Mataifa hayakulinyamazia jambo hili. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, uliokubaliwa nchini Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kusafirisha vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni. Mwaka 2023 wanachama wake wakakubaliana kwamba hata kiasi hicho kidogo kisiruhusiwe. Huku kwetu, usimamizi wa vipodozi Tanzania Bara uliondolewa katika iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa mwaka 2019, ukakabidhiwa Shirika la Viwango. Lakini sheria haiwezi kusimama mbele ya kila kioo. Anayesimama hapo ni mwenye uso wake.

Basi tofauti ya kweli haiko baina ya nyumbani na dukani. Iko baina ya kitu unachokijua na kitu usichokijua. Faida kubwa ya chupa ya mafuta uliyoyapika mwenyewe, mbali na unafuu wake, ni kwamba unaweza kuhesabu kwa vidole kila kilichomo.

Anayetaka kuanza na ashike kanuni tatu. Kwanza, usafi: mikono, vyombo na chupa viwe safi na vikavu. Pili, kiasi: chochote chenye maji, maziwa, tunda au yai kitengenezwe cha siku ile ile na kinachobaki kitupwe, maana hakina cha kukizuia kisioze, mafuta matupu hukaa miezi kadhaa kivulini, na yakianza kunuka uchungu yamekwisha. Tatu, majaribio: paka kidogo ndani ya kiwiko, ungoje siku mbili, ukiona wekundu au mwasho, acha. Na yule ambaye tayari ameutumia mkorogo kwa muda mrefu asiuache kimya kimya na kujificha ndani ngozi ikianza kuwaka. Aende hospitali, achukue na vikopo vyake, daktari avione.

Akina mama, neno la mwisho ni lenu. Binti huanza kwa kuazima kikopo cha mama yake. Akikuta mezani mkorogo, atajifunza kwamba ngozi aliyozaliwa nayo ni kosa la kusahihishwa. Akikuta chupa ya mafuta ya nazi, na akaitwa jikoni kukuna na kukamua, atajifunza namna ya kuitunza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nazi hazina matangazo ya biashara, lakini ziko sokoni leo. Nunueni nne.