Mkanda wa Jeshi Unapozuia Mkojo

Mkoani Kagera, ambako wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, mkanda wa jeshi ulikuja kuhesabiwa kuwa dalili ya maradhi hayo. Kwa kijana dhana hiyo ina msingi, naye hushauriwa kupimwa damu. Lakini mzee wa Nyakisasa, wilayani Ngara, aweza kuupata kwa sababu ya umri tu. Na akiuficha kwa kuona haya, hasa ukimtokea makalioni, aweza kujikuta hawezi kukojoa.

Chanzo chake ni virusi vya tetekuwanga. Mtoto akipona, virusi hivyo havitoki mwilini, bali hujificha katika mafundo ya mishipa ya fahamu kandokando ya uti wa mgongo. Mwaka 1965 daktari Mwingereza, Edgar Hope-Simpson, aliyekuwa amechunguza wagonjwa 192 katika muda wa miaka 16, alieleza kwamba kinga ikipungua uzeeni virusi huamka na kuufuata mshipa hadi ngozini. Ndiyo maana malengelenge hushika upande mmoja tu. (Jina la kitaalamu, zosta, ni la Kiyunani, na maana yake ni mshipi, tena wa askari!)

Mara nyingi mshipa huo ni wa kifuani. Mara chache ni mmojawapo wa ile itokayo chini kabisa ya uti wa mgongo, na hapo ndipo penye hatari, kwani mishipa hiyo haihudumii ngozi ya makalio na sehemu za siri peke yake: ndiyo iuamrishayo msuli wa kibofu kujikaza. Ikivimba, amri haifiki. Kibofu hujaa, tumbo la chini hutuna, wala mgonjwa hapati mkojo, au hutokwa na matone tu. Choo nacho huweza kufunga.

Kosa rahisi ni kuilaumu tezi dume. Mzee ameshindwa kukojoa. Nani hatafikiri hivyo? Kumbe angetazamwa makalioni, malengelenge yangeonekana, ingawa pengine mkojo huzuilika siku kadhaa kabla hayajatokeza. Tofauti hiyo si ndogo. Tezi yaweza kuhitaji upasuaji, ilhali kibofu hiki hakihitaji kisu: hutiwa mpira wa kutolea mkojo, na mgonjwa hupewa dawa ya asaiklovia, ifaayo zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze. Kwa wengi kibofu hurudia kazi yake baada ya majuma kadhaa. Mkojo ukiachwa ndani, shinikizo lake hupanda hadi kwenye figo na kuzidhuru.

Wilaya ya Ngara inazo hospitali za Murgwanza na Rulenge, na kutia mpira ni kazi ya dakika chache.