Nailoni ya kitalu na mafuta ya jua: kazi ni ileile

Leo sizungumzii kiwavijeshi wala bei ya vitunguu Katoro. Naongelea ngozi ya mkulima, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Kwenye kikundi changu huku Shinyanga kuna kijana mwenye ualbino, analima nyanya robo ekari kwa umwagiliaji wa matone. Aliniuliza kuhusu mafuta ya kuzuia jua aliyopewa kliniki. Nikamjibu harakaharaka: "Paka asubuhi, inatosha." Akapaka kidogo saa moja asubuhi, akapalilia mpaka saa saba mchana. Shingo na mabega vikaungua mpaka vikachubuka. Ndipo nikakaa chini kusoma.

Nailoni ya kitalu nyumba mnaijua. Ile ya kawaida ya dukani ukiisimika juani inachanika mapema. Ile ya kitalu inadumu kwa sababu imewekewa kemikali za kuikinga na mionzi ya UV, na baadhi yake ni ndugu wa zile zilizomo kwenye mafuta ya jua ya kisasa. Mionzi inayotufikia ni ya aina mbili. UVB ndiyo inayounguza. UVA inapenya ndani zaidi na haiumi papo hapo, kwa hiyo huistukii. Zote zinaharibu vinasaba vya seli, na saratani ya ngozi inaanzia huko.

Chukua bemotrizinoli, ambayo Ulaya wanaitumia tangu miaka ya 2000 na inazuia aina zote mbili. Mwonzi ukiigonga, molekuli inameza ile nguvu. Chembe ya haidrojeni iliyoshikamana na oksijeni inahamia kwa naitrojeni iliyo jirani, nguvu inatoka kama joto dogo mno usilolihisi, halafu haidrojeni inarudi kwake. Yote hayo yanaisha chini ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na molekuli iko palepale inasubiri mwonzi mwingine. Ni kama kibarua anayeshusha magunia kwenye Fuso: anapokea, anatua, anageuka kuchukua jingine. Avobenzoni, ambayo ni ya zamani kidogo, ikiwa peke yake jua linaivunja, ndiyo maana viwanda huichanganya na nyingine.

Melanini ya ngozi nyeusi nayo inafanya kazi hiyohiyo, inameza UV na kuitoa kama joto. Mwenye ualbino hana, au anayo kidogo sana. Na sisi tuko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa kama mita 1,100. Jua la hapa halina masihara.

Sasa, kama molekuli haichoki, kijana aliungua kwa nini? Kwa sababu ya utando. Jasho linauosha, taulo linaufuta, mkanda wa pampu ya mgongoni unausugua. Halafu kipimo. SPF hupimwa maabara kwa miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. SPF 30 kwa kipimo hicho inapitisha sehemu moja tu kati ya 30 ya mionzi inayounguza. Ukipaka nusu yake, kinga inashuka kwenye 15 au chini zaidi. Ni sawa na kupulizia kiuatilifu nusu dozi halafu ulaumu dawa.

Kwa vitendo: kijiko cha chai kimoja usoni na shingoni, kingine kwa kila mkono, dakika 15 kabla ya kutoka, na urudie kila baada ya saa mbili. Kofia pana na mikono mirefu viko palepale, tena mimi naviweka mbele ya mafuta. Kazi za juani zimalizwe kabla ya saa nne asubuhi, zinazobaki zisubiri saa kumi.

Kwa wenye ualbino kuna Kilisun, inayotengenezwa hapahapa nchini, KCMC Moshi, kwa ajili yao. Usinunue, ulizia kliniki ya ngozi.

Yule kijana sasa ameweka alamu kwenye simu. Kopo lake halibaki tena kwenye boksi la pikipiki juani, maana joto nalo linaharibu mafuta. Analitunza kivulini, ndani ya ndoo yenye mfuniko, karibu na tenki la maji.