Ushanga wa Kioo Kama Matini: Namna ya Kuutambua na Kuuthamini katika Mwambao wa Kusini wa Ziwa Viktoria

1. Utangulizi



Katika taaluma yetu tumezoea kuita matini kile kilichoandikwa au kutamkwa. Leo naomba tuitazame punje ya ushanga wa kioo, ile inayotunzwa na bibi zetu hapa Mwanza na vijiji vya jirani. Hoja yangu ni kwamba ushanga mkongwe hausomeki bila majina yake, na majina hayo ni mali ya Kiswahili. Anayeyapoteza majina hubaki na kioo kitupu.

2. Majina na safari yake

Shanga nyingi za kioo zilizofika Usukuma katika karne ya 19 zilitengenezwa Venice. Zilishushwa Unguja, zikabebwa na wapagazi hadi Tabora, kisha zikapanda kaskazini kuelekea ziwani. Speke alipofika ukingo huu wa ziwa mwezi Agosti 1858, mwenzake Burton, ambaye aliorodhesha shanga za misafara na majina yake, alikuwa amebaki Tabora.

Mashuhuri kupita zote ilikuwa samisami, yenye wekundu wa marijani juu ya kiini cheupe. Burton aliripoti kwamba ilikuwa na majina mengine mawili ya utani: moja lilieleza kuwa inamaliza chakula, kwa kuwa mtu angetoa mlo wake ili aipate, la pili lilieleza kuwa inavunja mji, kwa kuwa wanawake wangeweza kujifilisi wao na waume zao kwa ajili yake. Tazameni jinsi jina la bidhaa linavyobeba hukumu ya jamii nzima.

Shanga zilikuwa fedha, na fedha huhitaji kipimo. Uzi uliozungushwa kutoka kidole gumba hadi kiwiko uliitwa khete. Khete 10 zilifanya fundo moja. Hata hivyo, fedha hiyo haikukubalika kila mahali. Stanley, aliyesafiri mwaka 1871, alieleza kuwa ushanga mweusi, bubu, ulipokewa Ugogo lakini ukakataliwa kwingineko. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ungeweza kulala njaa huku umebeba mzigo mzima wa mali. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Nayo mitindo ya shanga ilibadilika hivyo hivyo.

Jina peke yake, hata hivyo, halitoshi. Merikani lilikuwa jina la ushanga mweupe na pia la kitambaa. Kwa hiyo mtafiti anayelikuta neno hilo katika masimulizi ya wazee hana budi kuuliza: je, lilipimwa kwa khete au kwa mikono?

3. Namna ya kuutambua

Jambo la kwanza ni kutazama tundu. Ushanga uliokatwa kutoka katika mrija wa kioo uliovutwa huonyesha mapovu na mistari inayofuata urefu wa tundu. Ushanga uliofinyangwa kwa kuzungusha kioo cha moto kwenye waya huonyesha mistari inayolizunguka tundu. Uliotolewa katika kalibu mara nyingi huwa na alama ya mshono ubavuni.

Pili, inua punje kwenye mwanga. Samisami huonyesha kiini cheupe mdomoni mwa tundu. Punje nyekundu yenye kiini cha kijani kinachopitisha mwanga kwa kawaida ni ya zamani zaidi, kwani kiini cheupe kilienea katika karne ya 19.

Tatu, ishike. Kioo ni kizito na baridi. Plastiki ni nyepesi na hupata joto upesi. Mwisho, chunguza kingo: punje zilizovaliwa miaka mingi husagana, na midomo ya matundu hulika.

4. Namna ya kuuthamini

Hapa ndipo penye hatari. Punje mojamoja ya samisami si adimu, maana zilitengenezwa kwa wingi mno. Thamani imo katika mpangilio wake: nani alizitunga, kwa uzi gani, kwa ngoma au arusi ipi. Mkufu ukikatwa ili punje ziuzwe mojamoja kwa wageni, bei hupatikana lakini habari hupotea, wala hairudi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kwa kuwa punje za kiini cheupe ziliendelea kutengenezwa baada ya mwaka huo, umri wake si rahisi kuthibitishwa kwa macho. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza ni wa mwenye mkufu mwenyewe, na wa yule anayemwuliza na kuandika jibu. Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora yametuonyesha kwamba vitu vya jamii vinaweza kutunzwa papa hapa nyumbani.

5. Hitimisho

Wanafunzi wangu, mtakapokwenda likizo, muombeni bibi awaonyeshe shanga zake. Msianze kwa kuuliza bei. Ulizeni kila rangi inaitwaje, kisha andikeni jina hilo kama alivyolitamka. Uzi unaweza kutungwa upya. Jina lililosahauliwa halina fundi wa kulitunga tena.