Istilahi za Kupasua Miamba kwa Baruti

Saruji inayojengea nyumba za Makorora na mitaa mingine ya Tanga asili yake ni mawe ya chokaa, ambayo huchimbwa katika machimbo ya wazi kama yale ya Pongwe, kilipo kiwanda cha saruji kilichoanzishwa mwaka 1980. Maneno mengi ya kazi hiyo tunayo tangu zamani: baruti, fataki, utambi, kekee, kifusi. Hatuoni sababu ya kuyaacha. Taabu imo katika mbinu mpya za ulipuaji.

Tuangalie umbali uliopo baina ya safu ya kwanza ya matundu na uso wa mwamba ulio wazi. Kiingereza huuita kwa neno lenye maana ya mzigo, na mfasiri mwenye haraka ataandika hivyo hivyo. Mchimbaji akisoma “punguza mzigo” atapunguza baruti, kumbe ameagizwa atoboe karibu zaidi na ukingo! Sisi twapendekeza “unene wa mbele”. Unene huo ukizidi, mwamba hushindwa kusogea, nguvu ya baruti hupanda juu na ardhi hutikisika. Ukipungua mno, mawe huruka mbali.

Kadhalika, matundu hayalipuliwi tena yote kwa mpigo. Hutumika fataki zinazotofautiana kwa sehemu chache za elfu za sekunde, ili safu ya mbele iiachie nafasi safu ya nyuma. Mawe huvunjika vizuri zaidi na mtikisiko hupungua, jambo la faida kwa wakazi wa jirani. Hizo tumeziita “fataki za kupishana”.

Mchanganyiko wa nitrati ya amonia na mafuta ya dizeli, kwa uzito 94 kwa 6 katika mia, wafaa kuitwa “baruti ya mafuta”. Haifai katika matundu yenye maji, maana nitrati huyeyuka.

Neno lililotushughulisha zaidi ni la baruti iliyokataa kulipuka. “Baruti iliyokufa” tumelikataa, kwani kilichokufa hakiogopwi. Tumechagua “baruti iliyolala”: mfanyakazi aelewe kwamba inaweza kuamshwa, na kekee ni mojawapo ya viamshavyo. Kwa hiyo katika maagizo ya kazi yaandikwe wazi: ni marufuku kutoboa ndani ya tundu la zamani au mabaki yake, hata likionekana tupu.